Manette ya Ciza Inatembea Bila Mtu

Mama Capitoline mpendwa, nakuandikia wewe kwa sababu wengine wote ninaoweza kuwauliza watanishika mkono wanipeleke moja kwa moja hadi chumba cha maombi, waniwekee mikono kichwani, na mimi sitaki kuombewa, nataka kujibiwa. Ukiisoma barua hii redioni tafadhali usitaje jina langu, sema tu mpiga solo wa Nyamianda, ingawa najua Nyamianda nzima itajua, maana msichana anayepiga gitaa la solo katika kwaya yetu ni mmoja tu.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Ciza, yeye akipiga gitaa la besi na mimi solo tangu tukiwa wanafunzi, na kabla hujauliza, Mama, hatukuwa wachumba, alikuwa na mchumba wake kule Sange na mimi ndiye niliyekuwa namwandikia yule dada meseji za kumbembeleza, kwa sababu Ciza maneno yalikuwa yakimshinda. Tulikuwa watu wa muziki, basi, na watu wa jeu, hii michezo ya video. Wengi hawaamini kwamba mtu anaweza kupenda vyote viwili bila kimoja kukila kingine, hata maestro wetu Jean-Berchmans husema vidole vya manette, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, havifai kwa nyuzi, na sisi tulikuwa tukimsikiliza tumeinamisha vichwa, tukikanyagana miguu chini ya benchi, kwa sababu kila kipande kigumu alichotusifu kwamba tumekishika vizuri tulikuwa tumekishika mbele ya televisheni.

Nikueleze tulivyokuwa tukifanya, bila hiyo hutaelewa. Chumba cha Ciza ni kile kichumba cha nje nyuma ya nyumba ya mama yake, ukuta wa mbao na bati juu, mna kitanda, televisheni, jeu ya zamani iliyokwisha kutengenezwa mara nyingi, na kantini ya chuma, lile sanduku alilokuwa nalo shule ya bweni, na juu ya kantini ile ndipo tulipokuwa tunaweka ampli ya kukuzia sauti ya gitaa na manette zote mbili. Jeu yenyewe ni ya watu wawili. Kuna nyumba kubwa isiyo na mtu, korido na ngazi na vyumba vitupu, na vijitu viwili vinavyopita humo, kimoja cha buluu, ndicho changu, kimoja chekundu, ndicho cha Ciza, na mbele ya kila mlango kuna mawe mawili, na mlango haufunguki mpaka kila kijitu kisimame juu ya jiwe lake. Muziki wa jeu ile ulikuwa mbaya, tukaukata sauti siku ya kwanza. Tukaweka sheria yetu, kipande kimoja, mlango mmoja. Yaani maestro akitupa wimbo mpya tunachukua pale panapotushinda, tunapapiga mpaka papite safi, wote wawili, ndipo tunaweka magitaa chini, tunashika manette, tunafungua mlango mmoja tu, na kesho tena. Ukikosea, hakuna mlango.

Na Ciza alikuwa na tabia moja ambayo maestro hakuweza kumtoa, aliingia kwenye wimbo akichelewa kidogo, si kuchelewa kwa kukosea, alikuwa anauacha wimbo utangulie kisha anaukamata, na ukikamatwa hivyo unasikia raha tumboni. Hata kwenye jeu alikuwa vilevile, mimi nimeshafika kwenye jiwe langu nagombana, ndipo kijitu chekundu kinaanza kutembea taratibu, na mwenyewe anacheka.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaanza, Ciza alikwenda kupiga kwenye harusi Kamanyola, na gari lililokuwa linawarudisha likapinduka njiani. Yeye hakufika hospitali. Gitaa lake lilifika. Lilikuwa ndani ya mfuko wake, bila mkwaruzo, na nilipolitoa na kugusa nyuzi, zote zilikuwa zimekaa sawa kabisa. Mama, muulize mpigaji yeyote. Gitaa ukilibeba kwa pikipiki kutoka hapa hadi Kavimvira tu, ukifika unarekebisha nyuzi upya. Nililiegemeza ukutani nikatoka nje.

Katika familia yao chombo cha kazi cha marehemu hakiachwi bila mkono. Siku ya kuondoa matanga kinakabidhiwa kwa mtu mbele ya watu wote, na anayekipokea na kukitumia palepale amekubali kwamba mwenyewe harudi, ndipo vitu vingine vinagawanywa na chumba kinafungwa. Walikaa wakasema gitaa nipewe mimi, na nipige ule wimbo wa kwaya aliokuwa anaupenda. Nilisema ndiyo, ningesema nini? Mama Ciza akanipa ufunguo nifanyie mazoezi mlemle.

Siku ya kwanza niliingia mchana, jua kali juu ya bati, watoto wanacheza mpira nje. Nikawasha televisheni kwa mazoea tu, na jeu ikafunguka pale tulipoiacha, vijitu viwili katikati ya korido. Nikachukua besi nikaanza kipande cha Ciza, nikakwama, nikarudia, nikakwama, na kilipopita safi nikainua macho. Kijitu chekundu kilikuwa juu ya jiwe lake. Manette yake ilikuwa juu ya kantini, hakuna mkono. Nilikaa nimekumbatia lile gitaa, nje watoto wanabishana, ni bao, si bao, na kijitu kinaningoja. Basi, Mama, usinigombeze, nilishika manette yangu, nikakipeleka cha buluu kwenye jiwe lake, na mlango ukafunguka.

Kesho yake nikajiambia leo nitaangalia tangu mwanzo. Nikahesabu mapigo kwa mguu, nikaanza kupiga, macho yangu yakiwa kwenye televisheni. Chekundu kilisimama tu. Kisha kikaanza kutembea, na hakikuanza pale mapigo yalipotaka, kilichelewa kidogo. Kilichelewa kama yeye. Baridi ilinipanda kutoka miguuni, jua lote lile.

Tangu hapo imekuwa hivyo, kipande kimoja, mlango mmoja, na simwambii mtu. Nikipiga vizuri kinafika, nikikosea kinasimama katikati ya korido kimenipa mgongo. Besi nimejifunza kuliko nilivyowahi kujifunza kitu chochote, hata maestro alikuwa ananiangalia kwa mshangao nilipoipiga kwenye kwaya. Kisha siku moja Mama Ciza akaja. Yeye huwa haingii mle, anaishia kizingitini na pindo la kitenge mdomoni. Akaniuliza:

«Weye ndiye ulikuwa unakalaka naye. Uniambie, mulikuwaka munafanya nini humu ndani? Minye nilikuwa nasikiya gitaa inalia, inanyamaza, munacheka, inalia tena. Ninaita chakula, hamuitike. Kile kitu cha televisheni ndiyo kilikuwa kinanikulia mutoto. Siku ya matanga nitakitupa mu ziwa.»

Mimi nikasema, «Tulikuwa tunafanya répétition, mazoezi tu, Mama.»

«Haya,» akasema, akaenda zake.

Nilipogeuka, kijitu chekundu kilikuwa kimegeuza uso upande wa mlango wa chumba, pale alipokuwa amesimama mama yake. Na nilikuwa sijagusa uzi hata mmoja.

Sasa tumefika mlango wa mwisho. Unajulikana tu, korido zimekwisha, ni mlango mkubwa peke yake na mwanga unapita chini yake. Ukifunguka jeu imekwisha, na ukiianza upya inaanza na vijitu vingine ambavyo havijapita popote. Nikapata ujanja, Mama. Nakosea makusudi. Kila siku naingia, nawasha, napiga ule wimbo wa matanga, na nikikaribia mwisho nakwamisha kidole. Chekundu kinakuja, kinasimama, hakifiki. Kinabaki, na mimi nabaki naye mpaka Mama Ciza anapoita mtu wa kuchota maji. Lakini vidole vimeshazoea, hata kanisani sasa nakwama palepale, kwaya nzima inageuka, na juzi Jean-Berchmans aliniambia mbele ya watu: «Mwanzo ulikuwa unapiga sawa marehemu, minye nilikuwa naogopa. Leo uko unapiga sawa muntu mwenye anakatala kupiga. Samedi ni matanga. Kama hauko tayari, sema, niweke synthé.» Nikamwambia aweke synthé, kinanda kipige besi, mimi sipigi.

Jumamosi ndiyo hii inayokuja. Nikipiga, nimekubali. Nikipiga vizuri mle chumbani mlango utafunguka na yeye atapita. Nisipopiga, Mama Ciza atatupa ile jeu ziwani na Ciza atakuwa mle ndani amesimama katikati ya korido. Siwezi kula. Niambie, Mama, ni yeye au ni kichwa changu kinaumwa? Na kama ni yeye, nina haki gani ya kumfungulia?

Mpiga solo, Nyamianda

MAMA CAPITOLINE ANAJIBU

Binti yangu, pole. Nasema pole ya kweli, si ile ya mdomoni tu. Barua yako niliisoma studio kabla ya kipindi, mchana kweupe, na Emery anayetushikia mitambo akaniomba tuache mlango wazi. Kwa hiyo usidhani kuna mtu hapa anakucheka. Lakini umesema unataka kujibiwa, basi nitakujibu, na pale pa kukugombeza nitakugombeza, uvumilie.

Tuanze na kantini. Umeandika kwa mkono wako kwamba ampli na manette zinakaa juu ya sanduku moja la chuma. Mimi nina wajukuu, na wajukuu wana jeu, na ugonjwa wa manette nzee naujua: kile kifimbo cha kidole gumba kikishalegea, mtu wa kwenye televisheni anatembea hata usipomshika. Sasa kiweke juu ya chuma kitupu halafu upige besi humohumo. Sanduku linatetemeka, kifimbo kinatetemeka, kijitu kinakwenda. Ukikwamisha kidole, mtetemo unakatika, kijitu kinasimama. Mpaka hapo sioni marehemu, naona chuma. Kwa nini kinasimama juu ya jiwe na hakipitilizi, sijui. Na ile siku ya Mama Ciza, gitaa likiwa kimya, hiyo sijui kabisa, na nimeifikiria nikiwa nachambua mchicha mpaka nikatupa majani nikabakiza vijiti. Sitakudanganya kwamba najua nisichokijua.

Lakini kile kilichokupandisha baridi, kule kuchelewa, hicho nakijua. Nani alikuwa anapiga? Ni wewe. Kama kijitu kinafuata sauti, basi kimechelewa kama Ciza kwa sababu wewe umechelewa kama Ciza. Miaka yote hiyo ulikuwa unamgombeza kwa kuchelewa kwake, kumbe vidole vyako vilikuwa vinamchukua kimyakimya. Maestro wako alisikia. Alikuambia ulikuwa unapiga kama marehemu, akakuambia hata kwamba aliogopa, na wewe ukasikia neno synthé tu. Huyo Ciza unayeogopa atapita mlango na kupotea yuko mikononi mwako, unafulia naye nguo, unasonga naye ugali, na hakuna mtu anayeweza kumtupa ziwani.

Ndiyo maana nimekasirika. Yaani amekuachia kitu kimoja, na wewe kila siku unaingia mle ukikiharibu makusudi ili kijitu kisimame koridoni! Kama ni chuma, unaharibu vidole vyako bure. Na kama ni yeye, binti yangu, ni vibaya zaidi. Umemweka mtu njiani, mwanga anauona chini ya mlango, na hapiti, kwa sababu wewe hutaki kurudi nyumbani peke yako. Unauliza una haki gani ya kumfungulia. Mimi nakuuliza una haki gani ya kumzuia. Nyinyi wawili mlikuwa na sheria, na wewe ndiye unayeivunja.

Tena kuna mtu umempita bila kumwona. Barua yako yote ni Mama Ciza, Mama Ciza. Naweza kuapa jina lake la ubatizo hulijui. Yule mama kila asubuhi sokoni anaitwa kwa jina la mtoto aliyemzika, na anaitika, kwa sababu ndilo jina alilo nalo. Akaja hadi kizingitini akakuuliza jambo moja tu, mlikuwa mnafanya nini humu. Hakuuliza kwa ubaya. Miaka yote alisikia mwanawe akicheka nyuma ya ukuta wa mbao, na mpaka leo hajui kilichomchekesha. Anayejua duniani umebaki wewe. Na wewe ukamjibu répétition! Hapo ndipo uliponiumiza, kuliko hivyo vijitu vyako vyote.

Sasa nisikilize. Leo hii, kabla hujafanya lolote, nenda kwa Jean-Berchmans umwambie synthé airudishe kwenye mfuko wake, wewe unapiga. Usimweleze mengi, maestro akielezwa mengi anafanya mkutano. Kisha uingie mle chumbani, uitoe ampli juu ya kantini uiweke chini sakafuni, mbali. Upige wimbo wote hadi mwisho bila kukwamisha kidole, na kijitu cha buluu usikiguse. Chekundu kikibaki kimesimama, umepata jibu lako, kichwa chako ni kizima, ulikuwa na huzuni na sanduku la chuma. Kikitembea, tafadhali usiniandikie barua ya pili, mimi naishi peke yangu. Endelea tu kama ninavyokuambia, kwa sababu dawa ni moja.

Ijumaa mchana, wanawake wakiwa wanachagua mchele wa matanga, mshike Mama Ciza mkono umwingize mle ndani. Atagoma kizingitini. Mwambie, «Mama, uliniuliza, nimekuja kukujibu.» Mkalishe juu ya kitanda cha mwanawe. Mpigie kile kipande cha Ciza, kisha mweleze sheria yenu, na kwa nini chakula kilikuwa kinapoa. Mwambie maestro alikuwa anawasifu kwa kazi mliyoifanya mle ndani, na kwamba hakuna kitu kilichomla mtoto wake, alikuwa anafanya kazi na alikuwa na raha. Mwambie alivyokuwa akichelewa, mpaka wewe unagombana, na yeye anacheka. Kama atalia, mwache alie, na wewe lia. Jumamosi utalipokea lile gitaa mbele ya watu na utapiga bila kukwama, na ile jeu baada ya hapo ni mali ya mama yake, akitaka kuitupa ziwani aitupe, haitakuwa na mtu ndani.

Lakini hiyo Ijumaa, mkishamaliza kulia, usikipeleke kijitu chekundu wewe mwenyewe, wala usipige gitaa ili kitembee. Chukua ile manette ya pili juu ya kantini umpe mama yake mikononi. Mwonyeshe kidole gumba kinakaa wapi. Halafu wewe peleka cha buluu kwenye jiwe lako. Yeye hajawahi kushika kitu kile, atakigongesha ukutani, atakirudisha nyuma, atakuuliza kushoto ni wapi.

Atachelewa. Safari hii usigombane. Mngoje.